Paka Mweusi Amekosa Nini?



Nakuuliza swali moja, nawe ulijibu kwa haki: paka mweusi amekosa nini? Katika kijiji kimoja cha Handeni nimeona kwa macho yangu gunia limefungwa kamba na kutupwa kichakani, ndani yake mna watoto wawili wa paka wanalia. Ndugu zao weupe na wa manjano wamebaki nyumbani wakinyonya. Dhambi ya wale wawili ni weusi wao! Na aliyewatupa ni mtu wa sala tano. Akaniambia: "Paka mweusi ni nuksi, huenda akawa jini."

Subhanallah! Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kuitakidi mkosi, nasi tunaurudisha ujahili kwa mlango wa nyuma. Wako wanaoshika hoja ya Hadithi ya mbwa mweusi. Hadithi hiyo ipo, ameipokea Muslim. Lakini imemtaja mbwa, haikumtaja paka. Ni nani aliyekupa ruhusa ya kuongeza?

Tena tazama jinsi itikadi hii inavyojipinga yenyewe. Uingereza wako wanaoamini kuwa paka mweusi huleta bahati njema. Marekani wako wanaoamini kuwa huleta balaa. Paka ni yule yule. Kama nuksi imo katika manyoya, inageukaje kwa kuvuka bahari? Rangi ni urithi wa wazazi, kama wewe ulivyorithi pua ya babako. Ndiyo sababu paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, kwa kuwa rangi ya manjano hurithiwa pamoja na jinsi. Huo ni ufundi wa Muumba, si kazi ya mchawi.

Kosa la pili ni la wale wasemao kuwa wanampenda paka. Humfungia chumbani, wakatia kufuli, wakaenda harusini Korogwe siku tatu. Je, hawakusikia habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka? Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Bukhari na Muslim wameipokea. Zingatia, ndugu yangu: hakuadhibiwa kwa kumweka paka ndani, bali kwa kumweka na kumnyima.

"Basi," atasema mwingine, "tumwache nje usiku na mchana." Hapana! Wakazi wa Mkata na Kabuku wanajua kuwa mabasi ya barabara kuu hayamngoji paka. Jirani naye ametega sumu. Paka akila panya aliyekufa kwa sumu hiyo, huweza kufa naye. Na kichaa cha mbwa humpata paka pia, akamwambukiza mtu. Kumwacha ovyo si kumpa uhuru. Ni kumtupa pasipo gunia.

Kwetu sisi wakulima wa mahindi jambo hili si mchezo. Panya akiingia kihengeni haishii kula tu, hukojoa na kunya juu ya chakula cha watoto. Majirani zetu wa Lushoto walianza kupatwa na tauni mwaka 1980, maradhi yanayoletwa na viroboto wa panya. Paka peke yake si dawa ya tauni, maana naye huweza kuiugua. Lakini mwenye kumfukuza mlinzi wa ghala kwa ajili ya rangi, asimlaumu panya. Wazee walisema: paka akiondoka, panya hutawala.

Basi fanya hivi. Usiku alale ndani, karibu na chakula anachokilinda. Mchana atoke atembee. Kila siku apate maji na chakula, na bwana mifugo amchanje kichaa cha mbwa.

Sahaba Abu Qatada (R.A.) alikiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia. Hatukusimuliwa kuwa aliuliza kwanza rangi yake.

Wewe je, utauliza?