Eneo Si Nafasi

Msomaji, lipo kosa moja linalotembea katika madarasa yetu likiwa limevaa joho la elimu, nalo halina budi kuvuliwa. Mwanafunzi huulizwa ni visahani vingapi vya duara vitakavyoenea katika sinia la duara. Hugawanya eneo la sinia kwa eneo la kisahani, akapata alama zote, akaketi.

Twende katika hoteli yoyote ya Nakuru tukaipime hesabu hiyo. Sinia lina kipenyo cha sentimita 45, na kila kisahani sentimita 15. Kugawanya maeneo hutoa 9. Sasa vipange bila kupandana wala kutokeza nje ya ukingo: kimoja katikati, sita kukizunguka. Vitovu vya vitatu vinavyogusana hufanya pembetatu yenye pembe za nyuzi 60. Pembe sita kama hizo ni nyuzi 360, na mzunguko umetimia. Vimeenea saba tu. Cha nane hakiingii mpaka sinia lifikie karibu sentimita 50. Viwili vilivyoahidiwa na kalamu vimemezwa na mianya. Kugawanya maeneo hufaa kwa uji, maana uji hutiririka ukajaza kila upenyo, kisahani hakitiririki.

Wapo watakaosema, “Basi tufuate desturi, tuvipange kama masega ya nyuki.” Desturi nayo si hakimu. Kwa visahani 19, mpango wa masega hudai sinia la sentimita 75. Upo mpango mwingine unaoenea katika sentimita 73. Mwaka 1999 mtaalamu Ferenc Fodor alithibitisha kwamba hakuna mpango unaoupita huo kwa kubana nafasi.

Wengine watasema huu ni mchezo wa watoto. Je, fundi akataye vifuniko vya duara katika bati la duara hucheza? Akiahidi tisa akatoa saba, hasara ni yake.

Lakini hasara kubwa zaidi ni ya darasani. Mwalimu anayemkosoa mtoto aliyepanga akahesabu saba, akamsifu aliyegawanya akaandika tisa, humfunza mtoto kuyakana macho yake. Kwa hiyo, msomaji, uwapo Njoro, Molo au Naivasha, okota vizibo vya soda, chora duara, upange. Kisha ndipo ushike kalamu.