Goma: mpango wa mitaa isiyo na moshi uanzie kwa wanaopika

Kila mara viongozi na mashirika wanapozungumza juu ya kupunguza moshi na hewa ya kaboni katika mji wa Goma, wanaoketi mezani ni wale wale: wahandisi, wafadhili, wajumbe wa serikali, na pengine mkuu wa kata mmoja au wawili. Mama anayeuza makala Birere hayupo. Mpangaji wa nyumba ya mbao kule Majengo hayupo. Jamaa iliyokimbia vita Rutshuru au Masisi ikapokelewa na ndugu zake Ndosho, hiyo haikumbukwi kabisa. Kisha watu wanashangaa kuona mpango umebaki kwenye karatasi na makala yanaendelea kuingia mjini kila asubuhi.

Shida yenyewe inajulikana. Jamaa nyingi za Goma zinapika kwa makala, na sehemu kubwa ya makala hayo hutoka katika mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, na katika mashamba ya miti ya Masisi. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya makala hula kilo tano za kuni na zaidi, hata kufikia kumi. Msitu unakwisha, moshi unaingia katika mapafu ya mama na watoto, na bei ya gunia inapanda kila barabara inapofungwa na vita.

Dawa nayo ilianza kupatikana. Mwezi wa 12 mwaka 2015, kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilizinduliwa kikiwa na nguvu ya megawati 13,8. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilifungua mjini Goma kituo cha umeme wa jua cha megawati 1,3. Taa ziliwaka, mashine za kusaga unga zikazunguka, simu zikachajiwa bila kwenda mbali. Lakini katika nyumba nyingi, sufuria ya maharagwe ilibaki juu ya mbabula.

Kwa nini? Mhandisi anaweza kujibu kwa hesabu zake, lakini mama mwenye sufuria atajibu vizuri zaidi. Maharagwe na sombe huchemka kwa saa nyingi, na umeme wa kulipia kabla unaisha huku mtu akiuangalia. Makala yananunuliwa kidogo kidogo, kwa pesa ya siku ile. Jiko la umeme linadai dola nyingi kwa mara moja. Tena umeme unakatika. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, wakati wa mapigano, mji ulikaa siku kadhaa bila umeme wala maji ya bomba. Nyumba iliyokuwa na mbabula na mfuko wa makala pembeni ilipika. Mpango unaomwambia mama atupe mbabula yake, bila kumuuliza atapika na nini siku waya zikikatika, haujaandikwa kwa ajili ya Goma.

Kuna pia swali la nani mwenye kuamua ndani ya parsele. Watu wengi mjini ni wapangaji. Mita ya umeme ni ya mwenye parsele. Yeye ndiye anayegawa waya na kupanga kila mlango utalipa kiasi gani. Mpangaji hawezi kutia pesa katika nyumba ambayo anaweza kuondolewa mwezi ujao. Kwa hiyo mwenye parsele na mpangaji wanapaswa kusikilizwa wote wawili, tena kila mmoja kwa wakati wake, kwani mpangaji hatasema yote mbele ya mwenye nyumba.

Na msukuma chukudu? Mji ulimjengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara, lakini katika mipango ya usafiri hana nafasi. Chukudu hubeba viazi, mbao na makala bila kuchoma hata tone la mafuta. Kama kuna mtu Goma anayefanya kazi bila kaboni, ni huyo. Barabara ikichorwa bila kumfikiria, mizigo yake itahamia kwenye pikipiki na malori.

Wanaosahaulika zaidi ni wakimbizi wa vita. Mwaka 2023 shirika la MSF lilieleza kwamba wanawake wengi waliobakwa kandokando ya kambi za Goma walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Kwa wanawake hao, moto wa kupikia ni jambo la uhai. Mwezi wa pili mwaka 2025 kambi zile zilivunjwa. Wengine walirudi vijijini, wengine wakabaki mjini kwa ndugu, makanisani au katika vyumba vya kupanga. Hawa nao wanapika, wanachota maji, wanapanda pikipiki. Anayehesabu moshi wa kata bila kuwahesabu, hesabu yake ni ya uongo.

Wapo wanaosema kwamba mikutano na raia ni kupoteza wakati, na kwamba mtu mwenye njaa hawezi kujali kaboni. Kweli, neno kaboni halijazi tumbo. Lakini bei ya makala inamhusu kila mtu, na kikohozi cha mtoto vile vile. Ukianza hapo, watu wataongea mpaka jua lizame. Kinachowachosha ni mkutano wa kusaini karatasi ya mahudhurio, kupiga picha na kupewa pesa ya usafiri, wakati uamuzi ulishachukuliwa hotelini.

Mambo matatu yangetosha kubadilisha hali hiyo. Kwanza, raia waulizwe kabla pesa hazijagawanywa, si baada ya mchoro kumalizika. Pili, kikao kifanyike ndani ya kata, kwa Kiswahili, saa ambayo akina mama wamerudi sokoni. Wakuu wa nyumba kumi wanajua kila mlango na nani amelala ndani, wakiwemo waliokimbia vita. Hata siku ya salongo inaweza kutumika, kwani watu wanakuwa tayari pamoja. Tatu, waliouliza warudi kujibu: maoni gani yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na kwa sababu gani. Majibu hayo yasomwe kwenye redio, ili hata mtu aliyekuwa kazini ayasikie.

Na muuza makala asiitwe adui. Ana watoto wanaosoma kwa gunia lile. Akiingizwa mapema, anaweza kuuza makala ya miti iliyopandwa, mbabula zinazotumia makala kidogo, au kuwa wakala wa umeme katika mtaa wake. Akiachwa nje, atatafuta njia ya usiku ya kupitisha gunia, na wateja watamfuata, kwani watoto lazima wale jioni.

Uongozi wa mji unaweza kubadilika, wafadhili wanaweza kuja na kuondoka. Wanaobaki na moshi ni wakaaji. Basi wapewe kiti mapema, wakati bado kuna kitu cha kuamua.