Tangi la Maji ya Moto Likizeeka

Baridi imeingia, nasi tumeona mwezi huu tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukitazami mpaka kituaibishe mbele ya wageni. Ni hita ya maji, lile tangi jeupe linaloning'inia bafuni au lililofichwa darini. Walioko Arusha, Iringa, Njombe na Mbeya wanajua Juni na Julai zilivyo. Mtoto wa shule utamwogesha maji ya bomba saa kumi na mbili asubuhi?

Linapoanza kusumbua, swali huwa moja: litengenezwe tena au tununue jipya?

Nyumbani kwetu tulikuwa na tangi la lita 50, tulilolinunua mwaka 2011. Mwaka 2019 tukaona linadondosha maji kwenye kibomba kidogo cha chini kila linapopasha. Tukaweka ndoo, kisha tukamwita fundi. Akakiziba kibomba kwa kizibo cha plastiki, akapokea fedha yake, nasi tukamshukuru maana sakafu ilikauka.

Miezi mitatu baadaye akaja fundi mwingine, mtu wa makamo, kurekebisha sinki. Akainua macho, akauliza, "Mama, nani kaziba hapa?" Alizima swichi ya hita kabla hatujamjibu, na sinki akaiacha kwanza.

Ndipo tulipoelewa. Maji yakipata moto hutanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa karibu robo tatu ya lita, na nyongeza hiyo lazima ipate pa kutokea. Valvu ya usalama imewekwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo matone wakati wa kupasha si ugonjwa. (Yakidondoka usiku na mchana hata hita ikiwa imezimwa, hapo ama valvu imechakaa ama msukumo wa maji ni mkubwa mno.) Ukiziba njia hiyo, na siku moja themostati ikashindwa kukata umeme, maji hupita nyuzi 100 bila pa kutokea, na tangi laweza kupasuka kwa nguvu ya kubomoa dari. Chini ya tangi lile walikuwa wakioga watoto wetu watatu. Usiku ule usingizi ulikuwa wa shida.

Valvu mpya haikuwa ghali, na tangi likaendelea. Kumbe mambo mengi yanayosumbua ni vipuri tu: koili imeungua, themostati imechoka, raba imelika. Havihitaji tangi jipya, hata fundi akisema vipi.

Tangi lenyewe ni habari nyingine. Ndani ni chuma kilichopakwa enameli, na katikati huning'inia kifimbo cha magnesiamu ambacho kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya chuma. Kikiisha, kutu inageukia tangi. Kinafaa kutazamwa kila mwaka mmoja au miwili. Chetu hakikuwa kimetazamwa tangu siku ya kwanza, na kilipotolewa ulibaki waya mtupu.

Novemba 2021 maji ya moto yakaanza kutoka mekundu. Fungua bomba la baridi na la moto, kila moja kwenye beseni lake. Yote yakiwa mekundu, tatizo ni mabomba au maji yenyewe. Ya moto peke yake yakiwa mekundu, mara nyingi ni tangi linaoza. Ukiona na unyevu kwenye mwili wa tangi, si kwenye maungio, basi limetoboka na hakuna gundi itakayolisaidia. Nasi tuliona vyote viwili.

Baba watoto akasema tungoje, karo ya Januari ilikuwa mlangoni. Hakukosea. Nasi hatukukosea tuliposema tangi likimwaga maji usiku tutanunua dari pia, tena kwa bei ya duka la kwanza tutakaloliona. Tulibishana siku mbili. Mwisho tukazima umeme, tukafunga maji yake, na kwa wiki sita tukachemsha kwa sufuria. (Kwenye beseni tangulizeni maji ya baridi, ndipo ya moto, mtoto asije akatumbukiza mkono.) Karo ikalipwa, kisha tangi likanunuliwa.

Jambo moja halina kungoja wala kubishana: ukigusa bomba au maji ya kuoga ukahisi umeme, hata kidogo, zima swichi kubwa na asioge mtu mpaka fundi umeme afike.

Juu ya LUKU, wengine hubadilisha tangi wakidhani la zamani linakula umeme. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni zaidi kidogo ya uniti 2, liwe jipya au kuukuu. Kinachopotea ni joto linalovuja. Gusa ganda la nje. Likiwa na joto la kuhisika, sufi ya ndani imelowa au imeisha.

Tangi jipya tumeliandika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na chini ya kibomba chake ipo ndoo. Kila mgeni anayetoka bafuni anatuambia hita yetu inavuja.