Fedha za Mtoto Aliyeumizwa Zisiguswe

Dada zangu wapenzi, na hasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa mnaoingia humu kutafuta mishono, hina na nasaha za ndoa. Leo sina mshono wa kukuonyesheni. Nina jambo la fedha na la watoto, na naomba mnisome mpaka mwisho, kwa sababu wengi wenu In shaa Allah mtakuwa mama kabla ya miaka miwili mitatu kupita.

Mimi ni mshonaji na mfanyabiashara wa nguo za harusi. Mzigo wangu huvuka bahari, ukapanda Kitonga, ukafika Iringa, kisha Mafinga, Makambako, mpaka Mbeya. Wateja wangu wa Mwanjelwa na wa Iringa mjini tunajuana kwa majina ya watoto wetu. Sisi wa visiwani tunaijua mikoa ile kwa mchele, viazi na maharage, na tunaijua pia kwa wasichana wa kazi. Ukiuliza nyumba ngapi za Unguja na Dar es Salaam zimelelewa na binti kutoka Iringa, Njombe au Mbeya, huwezi kumaliza kuhesabu. Bibi harusi wa leo, kesho atasema "nitafutieni msichana", na atakayeletwa huenda ni mtoto mwenyewe. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo linalomsibu mtoto wa Kilolo au Mbarali si la kwao peke yao. Anayefika mlangoni kwako anakuja na yaliyompata njiani na kwao.

Tuanze na ukubwa wa jambo. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa kuhusu ukatili kwa watoto, ukatangazwa mwaka 2011. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa Tanzania Bara, karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu 1 katika kila 7. Tunazoea kuzungumza wasichana tu, lakini na watoto wa kiume wamo. Kilichoniuma zaidi ni kingine: katika wasichana waliofanyiwa, ni kama mmoja tu katika watano aliyekwenda kutafuta huduma, na kama mmoja tu katika kumi aliyeipata. Wengine wote walibaki na maumivu yao.

Sasa tuseme ni yule mmoja aliyepata ujasiri. Anahitaji nini? Kwanza mtu wa kumsikiliza. Ipo namba 116, Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bure. Kisha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, anapewa fomu ile ya PF3. Kisha hospitali, ambako daktari anampima, anaandika alichokiona na anampa dawa. Kisha afisa ustawi wa jamii, anayetazama kama ni salama kumrudisha nyumbani, kwa sababu mara nyingi aliyemuumiza anakula naye sahani moja. Ikiwa si salama, pahala pa kulala. Kisha mahakama, mara moja, mara mbili, mara tano, na kila mara nauli ya mtoto na ya anayemsindikiza.

Hizo ni pete za mnyororo mmoja. Ndiyo sababu vikaanzishwa vituo vya Mkono kwa Mkono ndani ya hospitali, ili mtoto asizungushwe mji mzima akirudia hadithi ile ile kwa kila meza. Sisi Zanzibar tulikuwa na kituo hicho Mnazi Mmoja tangu mwaka 2011. Bara navyo vikafuata.

Nataka muone kwa nini Mbeya na Iringa wana haraka kuliko wengi. Katika utafiti wa UKIMWI wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023, maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.4. Mtoto aliyebakwa anaweza kukingwa na virusi kwa dawa, lakini lazima aianze ndani ya saa 72 na aimeze siku 28. Saa 72 ni siku tatu tu. Toa usiku mmoja wa mama kulia na kuogopa mume. Toa siku moja ya wazee kukaa kikao. Toa njia ya milimani wakati wa mvua kutoka kijiji cha Kilolo mpaka mjini. Kinachobaki ni kidogo sana, na kikibaki kidogo hivyo usikute dawa imekwisha, gari la polisi halina mafuta, au afisa ustawi ni mmoja na yuko kata nyingine.

Dawa ikikosekana wiki moja, kwenye vitabu vya hesabu ni wiki moja tu. Kwa mtoto ni maisha yake yote.

Na fedha hizi zinatoka wapi? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ilikuwa ya wafadhili. Dawa na huduma za UKIMWI zilibebwa sana na mpango wa Marekani wa PEPFAR. Miradi ya watoto walio katika mazingira magumu, kama Kizazi Kipya wa mwaka 2016 hadi 2021, ilikuwa ya USAID. UNICEF nao wamefanya kazi ya ulinzi wa mtoto Nyanda za Juu Kusini kwa muda mrefu. Allah awalipe wema waliofanya wema. Lakini tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump aliweka saini kusimamisha misaada ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikafunga kazi zake. Mtu mmoja kaweka saini Washington, na kijijini mhudumu wa jamii akaambiwa abaki nyumbani.

Sina haja ya kumlaumu mgeni kwa kuondoka na chungu chake. Kosa ni kumwachia mgeni jiko lote. Mtoto ni wetu, na matibabu yake yanatakiwa yatoke kwenye kodi yetu, kodi ambayo mimi na wewe tunailipa kila tukinunua kitambaa, uzi, sukari na vocha.

Kuna mtu atasema, "Lakini Serikali ina mipango." Ni kweli. Bara kuna MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017/18, na kamati zake zimepangwa kushuka mpaka kijijini. Zanzibar tulikuwa na mpango wetu, na tangu mwaka 2021 tuna mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji. Sheria ni kali: Bara kubaka ni miaka isiyopungua 30, na kwa mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Mimi naunga mkono. Lakini hakimu hafungi mtu kwa machozi, anafunga kwa ushahidi, na ushahidi unakusanywa na daktari aliyelipwa, kwa vifaa vilivyonunuliwa, na mtoto anayeweza kufika mahakamani siku ya kesi. Ukikata fedha za huduma, umeifungua jela kwa mlango wa nyuma.

Tatizo la fedha hizi ni kwamba zimetawanyika. Hospitali ni fungu moja, polisi ni fungu jingine, ustawi uko halmashauri, na sera ziko kwenye Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kila mmoja akipunguza kidogo, kila mmoja anaona amepunguza kidogo. Hakuna anayeona kuwa mnyororo umekatika. Washonaji tunalijua hili. Biashara ikibana, fundi asiye na hekima hapunguzi kitambaa cha mbele kinachoonekana, anapunguza uzi. Anachukua uzi wa bei rahisi. Gauni litapigwa picha, litasifiwa, na bibi harusi akiinuka kwenye kiti ukumbi mzima utasikia linapasuka. Uzi ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika gauni, na ndio unaolishika.

Je, inawezekana fedha zikawekewa ulinzi? Inawezekana, na wengi humu ni mashahidi. Wajasiriamali wa Bara mnaijua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Zamani mkurugenzi alitoa akipenda. Mwaka 2018 ikawekwa kwenye sheria, ikawa deni. Hata iliposimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, watu waliiulizia, na mwaka 2024 ikarejea. Iliulizika kwa sababu ilikuwa na jina, na ilikuwa na kiwango. Barabara nazo zina mfuko wake. UKIMWI una mfuko wake. Basi na mtoto aliyeumizwa apewe kasma yenye jina lake katika kila halmashauri, Iringa na Mbeya zikiwa za mwanzo, kasma ambayo mtu hawezi kuihamisha kununulia viti vya ukumbi wa mikutano.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Tuna wakfu. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi ya Khaybar alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, akaizuia ardhi ile isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na mazao yake yakaenda kwa wenye haja. Huo ndio ulinzi ninaouomba: mali iliyofungwa kwa ajili ya mnyonge, mwenye njaa ya leo asiiguse. Na ni Umar huyo huyo ambaye wapokezi wanasimulia kuwa alimsikia mtoto akilia usiku, akaja kujua kuwa mama anamwachisha ziwa mapema kwa sababu posho ya hazina ilitolewa kwa aliyeachishwa tu. Akaubadilisha utaratibu, mtoto akawekewa fungu lake tangu anapozaliwa. Kiongozi alisikia kilio, akaibadilisha bajeti.

Najua pia kuna muhali. Mtatajiwa sitara: "Msiwaanike watu, yamalizeni ndani." Dada zangu, sitara ni vazi la aliyedhulumiwa, tusimvishe aliyedhulumu. Mtoto anasitiriwa kwa kutibiwa chumba cha faragha, kwa jina lake kutotajwa, kwa kutoulizwa maswali mbele ya foleni. Sitara hiyo ina gharama, na ndiyo tunayoililia hapa. Pahala ambapo huduma hazipo, ndipo wazee wanapokaa na kupokea mbuzi au laki mbili tatu yakaisha, kwa sababu njia nyingine haionekani.

Mtaniuliza, je, sisi wanawake tusisaidie wenyewe? Tusaidie. Nguo za mtoto aliyebakwa mara nyingi huchukuliwa kuwa ushahidi, akarudi amefungwa khanga ya kuazima. Sisi mafundi kadhaa tunashona madera na suruali kutokana na mabaki ya vitambaa vya harusi, tunapeleka. Ni sadaka, na mlango uko wazi kwa kila mwenye cherehani. Lakini sadaka ni ya nguo na uji. Dawa ya saa 72, mafuta ya gari na mshahara wa afisa ustawi haviwezi kungojea nani kajisikia kutoa mwezi huu. Hivyo ni haki, na haki haiombwi kwa bakuli.

Basi nini tufanye? Walioko Mbeya na Iringa: bajeti ya halmashauri hupita kwa madiwani kabla ya kufika Dodoma, na Bunge hukaa kwa bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Muulize diwani wako maswali matatu tu. Kwa huduma za watoto waliofanyiwa ukatili mmetenga shilingi ngapi? Mwaka uliopita zilitoka ngapi katika zilizotengwa? Kata yetu ina afisa ustawi, na ana usafiri gani? Swali la pili ndilo zito, kwa sababu kuidhinisha ni maneno na kutoa ndio fedha. Walioko Unguja na Pemba, maswali ni hayo hayo kwa mwakilishi wako, na sheha naye ayasikie. Tukienda wawili wawili, na vikundi vyetu vya maulidi na vya kufa na kuzikana, tutajibiwa.

Na wewe bibi harusi, ukimpokea binti wa watu nyumbani kwako, ujue umri wake, zungumza na wazazi wake, na mfundishe namba 116 kabla hujamfundisha kupika pilau. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mtu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Tutaulizwa, sisi na walioshika hazina.

Allah awalinde watoto wetu wa bara na visiwani, awaponye walioumizwa, na awape viongozi wetu masikio ya Umar. Aamin.