Watabiri wa Uchumi

Kabla ya kukopa kwa kuwa mtaalamu amesema mwakani biashara itastawi, tazameni kwanza: aliyoyasema mwaka jana yalitimia mangapi? Oktoba 1929 Irving Fisher, profesa wa Yale huko Marekani, alinena kwamba bei za hisa zimefika juu na huko zitadumu. Mwezi ule ule soko la New York likaanguka. Hata kufikia 1932 bei zilikuwa zimepoteza karibu sehemu 9 katika 10, na utajiri wake mwenyewe ukapotea. Wala hakuwa mjinga! Novemba 2008 Malkia Elizabeth wa Uingereza aliuliza mbona hakuna aliyeiona hasara ikija. Wataalamu walimjibu kwa barua Julai 2009: hatari moja moja ziliangaliwa, ya jumla haikufahamika.