Kirusi hakivunji mlango, hufunguliwa na aliyemo ndani

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI ya Mei 4, 2000, watumishi wa ofisi katika miji ya Asia, na saa chache baadaye wenzao wa Ulaya na Marekani, waliwasha kompyuta zao na kukuta barua pepe yenye kichwa kisemacho 'ILOVEYOU', yaani nakupenda. Haikutoka kwa mgeni. Ilitoka kwa mkuu wa idara, kwa mhasibu wa ghorofa ya pili au kwa rafiki wa siku nyingi, na ilimwomba msomaji afungue barua ya mapenzi iliyoambatishwa.

Kila aliyeifungua alikipa kirusi ruhusa ya kujituma kwa watu wote ambao anuani zao zilihifadhiwa katika programu yake ya Outlook. Kisha kirusi hicho kiliharibu picha na faili nyingine, na kujaribu kuiba maneno ya siri. Katika muda wa siku chache mamilioni ya kompyuta yalikuwa yameathirika. Bunge la Uingereza lililazimika kufunga mfumo wake wa barua pepe, na hasara duniani ilikadiriwa kuwa ya mabilioni ya dola.

Zaidi ya miaka 25 imepita tangu siku hiyo, na wahalifu wangali wanapita katika mlango uleule wa kiambatisho. Maofisini jibu linalotolewa haraka ni kwamba kosa ni la karani mzembe aliyebofya asichokijua. Jibu hilo lina mvuto, lakini halitoshi. Zaidi ya hapo ni jibu la hatari, kwa sababu linamfundisha karani kunyamaza.

Tuanze na sheria, kwa kuwa huko ndiko serikali nyingi zilikoelekeza macho. Kirusi cha mwaka 2000 kilifuatiliwa hadi Manila, mji mkuu wa Ufilipino, kwa kijana aitwaye Onel de Guzman. Nchi hiyo haikuwa na sheria iliyotaja kosa la kusambaza virusi vya kompyuta. Bunge lake lilipitisha sheria ya biashara ya kielektroniki iliyotiwa saini Juni 2000, lakini haikuweza kurudi nyuma na kumgusa mtu kwa kosa la mwezi Mei. Mashtaka yalifutwa Agosti mwaka huo. Ni mwaka 2020 tu ambapo de Guzman, akizungumza na mwandishi wa habari wa Uingereza Geoff White, alikiri kwamba kirusi kilikuwa chake, na kwamba alitaka kuiba maneno ya siri ili atumie intaneti bila kulipa.

Pengo la namna hiyo limezibwa katika nchi nyingi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikafuata na sheria yake mwaka 2018. Hapana shaka sheria ni za lazima. Hata hivyo, sheria humfikia mhalifu baada ya kiambatisho kufunguliwa, tena iwapo anajulikana na yumo ndani ya mipaka ya nchi.

Sasa tumtazame huyo anayeitwa mzembe. Virusi vya barua pepe havikujengwa juu ya ujinga wa mtu, bali juu ya mazoea yake mema: kumjibu mkubwa wake, kumsaidia mteja, kumwamini anayemfahamu. Machi 1999 kirusi kiitwacho Melissa, kilichotengenezwa na David Smith wa New Jersey, kilijituma kwa anuani 50 za kwanza za kila aliyekifungua, kwa jina la mwathirika mwenyewe. Smith alihukumiwa kifungo cha miezi 20 mwaka 2002, lakini mbinu yake haikufungwa pamoja naye.

Februari 2016 wezi walihamisha dola milioni 81 za Benki Kuu ya Bangladesh, zikipitia katika akaunti za benki moja mjini Manila. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyotolewa na Wizara ya Sheria ya Marekani mwaka 2018, mlango wao ulikuwa barua pepe za mtu aliyejifanya anaomba kazi, akiwataka watumishi wa benki wapakue wasifu wake. Ni ofisi gani isiyopokea wasifu wa waomba kazi? Kufungua wasifu huo ilikuwa sehemu ya kazi.

Mbinu ya Emotet, programu haribifu iliyoanza kuonekana mwaka 2014, ilikuwa kali zaidi. Iliiba mazungumzo halisi ya barua pepe kutoka katika kompyuta iliyokwisha kuathirika, kisha ikayajibu, ikiweka kiambatisho chake chini ya maneno ambayo mpokeaji mwenyewe aliyaandika wiki iliyopita. Polisi wa nchi kadhaa, wakiratibiwa na Europol, waliisambaratisha Januari 2021. Kufikia Novemba mwaka huo ilikuwa imerejea.

Kampuni za programu nazo zina sehemu yao ya lawama. Faili la kirusi cha mwaka 2000 liliishia na herufi .vbs, maana yake programu inayojiendesha, lakini Windows ilizoea kuficha herufi hizo za mwisho. Mtumiaji aliona .TXT peke yake, akadhani ni maandishi ya kawaida. Amri zinazofichwa ndani ya nyaraka za Word na Excel, ziitwazo makro, zilitumiwa na wahalifu tangu miaka ya 1990, lakini ni mwaka 2022 tu Microsoft ilipoanza kuzizuia moja kwa moja katika nyaraka zinazotoka kwenye intaneti. Wahalifu wakahamia kwenye aina nyingine za faili.

Pamoja na hayo, msomaji hayuko bila silaha. Dalili za kwanza zimo katika barua yenyewe. Haraka isiyo na sababu, kama ankara inayodaiwa kulipwa leo, ni dalili. Anuani inayofanana na ya benki au ya mteja lakini imebadilishwa herufi moja ni dalili. Faili lenye vituo viwili katika jina lake ni la kutiliwa shaka, na linaloishia na .exe, .js, .vbs, .iso au .lnk si waraka wa ofisi. Faili lililofungwa kwa neno la siri, na neno hilo likaandikwa katika barua hiyohiyo, mara nyingi limefungwa ili programu ya kukinga virusi isiweze kulikagua. Waraka unaokuomba uruhusu makro ili usomeke, ufunge. Kisha mpigie simu aliyeutuma, kwa namba unayoijua na si ile iliyoandikwa katika barua. Simu ya dakika moja ni nafuu kuliko ofisi iliyosimama wiki nzima.

Iwapo kiambatisho kimekwisha kufunguliwa, jambo la kwanza ni kuitenga kompyuta hiyo: chomoa waya wa mtandao na zima Wi-Fi. Usichomeke diski ya akiba wala kidude cha USB, kwa maana maambukizi yanaweza kuhamia huko. Mjulishe mtaalamu wa ofisi kabla ya kufuta chochote, maana barua hiyo ni ushahidi, na huenda wenzako watano wameipokea.

Usafishaji hufanywa kwa programu ya kukinga virusi iliyosasishwa, na ni bora zaidi ukaguzi ufanyike kabla Windows haijawaka, kwani virusi vingine hujificha mfumo unapokuwa unafanya kazi. Iwapo mashaka yanabaki, njia ya uhakika ni kufuta kila kitu, kuweka mfumo upya na kurejesha kazi kutoka kwenye nakala za akiba. Maneno ya siri, hasa ya benki na ya barua pepe, yabadilishwe kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi. Wote walio katika orodha yako ya anuani waarifiwe wasifungue kitu kilichotumwa kwa jina lako.

Hatua hizo zote zina sharti moja: mtu aseme mapema. Hapa ndipo lawama inapogeuka kuwa hasara. Karani anayejua kwamba atakatwa mshahara au kudhalilishwa mbele ya wenzake atafunga waraka ule wa ajabu, atazima kompyuta na kwenda nyumbani kimya. Programu iliyoingia mchana itakuwa na usiku mzima wa kutambaa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kufikia seva na kufungia faili ili kudai fedha za kikombozi. Ukimya huo haukuletwa na mhalifu. Ulitengenezwa na uongozi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inawataka wanaoendesha mifumo ya kompyuta kutoa taarifa za mashambulizi ndani ya saa 24. Ni agizo la busara, lakini taasisi itatoaje taarifa ndani ya saa 24 ya jambo ambalo mtumishi wake amelificha kwa wiki mbili?

Kwa hiyo viongozi wa ofisi wanapaswa kujiuliza kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa. Nakala za akiba zipo, na ziko mbali na mtandao? Mara ya mwisho zilijaribiwa lini? Je, kompyuta bado zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025? Malipo makubwa yanahitaji uthibitisho wa watu wawili, au barua pepe moja inatosha? Na karani akibofya kimakosa, anajua ampigie nani simu bila hofu?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Ufa huo haumo katika kompyuta peke yake. Umo pia kati ya karani aliyekosea na meza ya mkubwa wake.