RADHI PEKE YAKE HAITOSHI

Kijana wa pwani amalizapo masomo, nyumba nzima humtazama. Baba ataka awe karani, mjomba ataka aende Arabuni, mama ataka mshahara wa mwisho wa mwezi. Akisema moyo wake uko katika kuchonga mbao, hujibiwa, "Mchagua nazi hupata koroma."

Ni kweli, lakini hata mkwezi huigonga nazi kwanza asikie mlio wake.

Tuutazame mji wa Lamu. UNESCO ilipoutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, haikuutia kwa ajili ya makarani wake. Milango yake ya nakshi ni kazi ya mafundi, na aghalabu mwana alijifunza kwa babake. Nyumba ndiyo iliyokuwa chuo: hakulipa ada, wala hakulala njaa akingali mwanafunzi. Wala si kazi ya aibu. Nabii Zakaria alikuwa seremala, na Nabii Daud alikula kwa kazi ya mikono yake.

Basi mzazi asiseme, "Nimekupa radhi," kisha akafumba mkono. Amnunulie mwanawe patasi ya kwanza, ampeleke kwa fundi, amlishe pasina masimango. Binti apendaye kushona kofia au kusomea udaktari ana haki iyo hiyo.

Kijana naye ana deni: awahi kazini, amtii fundi, asikimbie mbao ikiwa ngumu. Akifaulu, nyumba itafaidi. Asipofaulu, hatakuwa na wa kumlaumu.